Mzee Anayechelewa Kushangilia

Chuo cha Lindgrove sijasoma hata siku moja. Babu yangu Orrin naye hajasoma. Mzee Duane, anayekaa safu ya nyuma yetu, aliwahi kuingia maktaba yao mara moja kukwepa mvua ya mawe, na hadi leo anaihesabu kama elimu ya juu. Lakini ukituuliza Jumapili kanisani mambo ya jana yalikuwaje, utasikia: tumepigwa, tumeonewa, tumelala. Sisi. Mgeni akipita mjini kwetu msimu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kurusha na kukimbia nao mkononi, anaweza kudhani hata mbwa wana shahada.

Mwaka ule tulikuwa tunapigwa kama ngoma ya kukodi. Mechi nne mfululizo, na ile ya nne tulipigwa na chuo ambacho, kwa maneno ya Mzee Duane, sharti la kujiunga nacho ni kuja umevaa viatu. Timu yetu inaitwa Nungunungu. Kufikia Novemba tulikuwa nungunungu aliyenyolewa.

Sasa, timu ikishindwa lawama haziendi kwa watu kumi na mmoja. Zinakwenda kwa mrushaji, yule anayekabidhiwa mpira kila shambulio linapoanza, aamue aupeleke wapi kabla majitu manne hayajamwangukia. Akipatia, ni mtoto wa mji. Akikosea, kila kinyozi, kila mchungaji na kila mke wa mchungaji anajua alipaswa kurusha wapi.

Wetu aliitwa Brody Lindahl. Mwaka wa mwisho, mzaliwa wa hapa hapa, kijana mwema, mkono wake umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kwenye benchi nyuma yake alikaa Isaiah Cato, mwaka wa kwanza, ametoka Texas, hajawahi kuona theluji. Huyo alikuwa na mkono kama manati. Tatizo, alisema Bi Lavonne, akili nayo ilikuwa kama manati: anavuta, anaachia, jiwe litajijua.

Bi Lavonne alikaa kulia kwangu, ng'ambo ya njia ya ngazi. Aliendesha basi la shule mpaka magoti yalipogoma. Yeye alikuwa wa Brody kufa kupona.

"Mtoto huyu nimembeba tangu darasa la kwanza," alisema. "Alinitapikia ndani ya basi sijui mara ngapi, na hakuna siku aliyoshuka bila kuniomba radhi. Mtu wa namna hiyo humtoi."

"Kwa hiyo tunacheza na mtu kwa sababu anatapika kwa adabu," akasema Mzee Duane. Alikuwa muuza vipuri vya matrekta, na mdomo wake haukukosa mbegu za alizeti; anatafuna, anatema maganda kwenye kikombe, na yanayokosa kikombe yananiangukia mimi shingoni.

"Afadhali. Wewe ukitapika unaangalia nani wa kumsingizia."

"Lavonne, juzi alirudi nyuma hatua nzuri, akainua mkono, bega la kushoto likafunguka mapema kama mlango wa choo cha stendi. Mpira ukaenda chini, kwenye kifundo cha mguu cha yule mdakaji mrefu. Ulimwona?"

"Bega lilifunguka kwa sababu yule mlinzi wake mnene wa kushoto aliteleza na adui akaja kifuani kwake. Ungefunguka hata wewe."

Walibishana hivyo, kwa mabega na vifundo vya miguu, kama watu wanaoandikisha maelezo polisi. Mimi nilikuwa nawacheka. Nilimaliza sekondari kwa kuchekesha walimu, na nikapata kazi ya kubadilisha matairi kwa kumchekesha mwenye karakana, kwa hiyo nilijiona nina haki.

Wakishachoka, walimgeukia Babu. Babu alikaa kushoto kwangu, mikono juu ya fimbo, kidude cha kusikilizia sikioni, redio ndogo kwenye mfuko wa kifuani. Angenyamaza kwanza. Kisha angesema neno moja tu: "Anakanyaga kabla hajatazama." Au: "Hofu iko kwa kocha, haiko kwa mtoto." Na wote wawili wangenyamaza kana kwamba hakimu amegonga meza. Mzee alikuwa amekula chumvi nyingi kwenye benchi lile. Baba yake alimpandisha pale begani wakati benchi zilikuwa za mbao na wanaume wanavaa kofia za heshima mpirani.

Kiti nilichokalia mimi kilikuwa cha Bibi Iva. Bibi hakujali mpira hata chembe. Alikuja na sindano zake za kufuma, akaketi juu ya mto wa sufi wa rangi yetu, damu ya mzee na nyeupe, akafuma soksi na skafu majira yote ya vuli bila kuinua kichwa. Babu ndiye aliyekuwa akimsimulia. Alimwinamia sikioni, mechi baada ya mechi, miaka mingi kuliko umri wangu mara mbili: "Sasa wanajipanga, Iva. Sasa mrushaji anapiga kelele. Aah, kamuachia yule mfupi, kamuachia yule mfupi, kakata kona." Nami nikiwa mdogo, nikitambaa chini ya benchi kuokota vikombe, nilisikia sauti ile ikishuka kupitia mwanya wa viti pamoja na makombo ya karanga. Nadhani mpira wote ninaoujua niliusikia kwanza kutoka chini, unasimuliwa mtu mwingine.

Bibi aliyeyuka mwaka mmoja kama theluji ya Aprili, kimya kimya. Babu akanipa mto wake, akasema, "Kaa hapo. Usifume." Yeye mwenyewe akaanza kuvaa redio ya jikoni ya Bibi, asikilize mtangazaji wetu Merle Ostby, mzee mwenye sauti ya changarawe ambaye anatangaza mechi zetu tangu baba yangu alipokuwa na nywele.

Kuna jambo kila mtu wa uwanjani analijua kuhusu redio. Inachelewa. Mpira unachezwa mbele yako, umeisha, watu wameshakaa, ndipo Merle anakuambia mpira unarushwa. Sekunde chache tu, lakini ni sekunde za kuudhi, ndiyo maana vijana wameacha kubeba redio. Babu hakuacha. Na ndiyo maana Babu alikuwa anasimama kushangilia watu wote wameshakaa. Uwanja mzima unalipuka, Babu kimya. Uwanja unatulia, Babu huyo, anainuka na fimbo yake: "Naam. Naam, vijana."

Mimi nilifanya utani wangu. "Babu, habari zako zinakuja kwa punda." Yeye alicheka. Safu nzima ilicheka. Nilimwita Mzee wa Marudio.

Utani ule ulinikauka mdomoni mwezi Oktoba, siku tulipocheza na Dunmore.

Dunmore ni watu wa ng'ambo ya mto, wanavaa kijani, na chuki ya Babu kwao ilikuwa safi kabisa, haikuhitaji sababu. Wiki ya mechi hiyo hali njegere. Hali kabichi. Bibi aliwahi kumpikia maharage ya kijani kwa kusahau, akatoka nje akala mkate barazani. Basi mimi, mjukuu wake kipenzi, nikaazima kofia ya Dunmore kwa jamaa mmoja wa karakana, kijani kibichi kama chura, nikaivaa tulipokwisha kukaa. Nilitaka anivue kwa fimbo. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

Babu akanigeukia. Akaniangalia usoni. Akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, akanipa kikombe, akasema, "Kunywa, kuna baridi."

Nilikaa na kofia ile robo nzima ya mechi. Bi Lavonne aliniona akafinya midomo. Brody akarusha mpira, adui wa kijani akaudaka, uwanja ukaguna. Babu alikuwa ameelekeza uso mahali mpira ulipotokea, wala si ulikokwenda. Kisha Merle akamfikia sikioni, na Babu akaguna, peke yake, kwa kuchelewa.

Nikavua kofia nikaikalia.

Sikumwambia mtu kwamba Babu haoni, kwa sababu moja tu: shangazi yangu Marlys. Ni binti mkubwa wa Babu, anaishi mji mkubwa, mwendo wa saa tatu kwa gari, na ni mtu anayepanga viungo jikoni kwa herufi. Tangu Babu alipojikwaa kwenye ngazi za kanisa, Shangazi alikuwa anasema habari ya zile ngazi za uwanja, na barafu, na umri. Wiki moja kabla ya mechi yetu ya mwisho ya nyumbani akanipigia simu.

"Colby, Jumamosi nakuja. Nataka nione mwenyewe anavyokaa huko juu."

"Anakaa kama watu wanavyokaa, Shangazi. Kwa makalio."

"Nimesema nitaona. Kama anakaa pale kama mzigo tu, mwakani viti tunarudisha. Nitakuwa nimemnyang'anya mpira, lakini sitakuwa nimemzika."

Viti vile, tunavyolipia chuoni kila msimu, vimo katika ukoo wetu tangu enzi za mbao. Ukivirudisha, vimekwenda; chuo kinampa anayefuata kwenye foleni. Kwa jinsi tulivyokuwa tunapigwa, nadhani kwenye foleni alikuwa amebaki paka mmoja, lakini kanuni ni kanuni. Na Babu bila Jumamosi zake angebaki na kiti cha jikoni na saa ya ukutani. Hilo nililijua mimi, na nilidhani ni mimi peke yangu.

Jumamosi ikafika na upepo wa Kanada, ule unaokutafuta mpaka ndani ya soksi. Tulikula soseji uwanja wa magari, nyuma ya gari la Mzee Duane, tukisimama karibu na jiko la mkaa kwa heshima zote. Bi Lavonne alileta keki zake za boga. Shangazi Marlys alikuja na koti refu na macho ya ukaguzi.

"Baba, yule mrushaji mnayemlalamikia ni yupi?" aliuliza. Wachezaji walikuwa wanapita kwa mbali kuingia uwanjani, wamejipanga mstari.

Babu akatafuna soseji yake taratibu.

"Ni yule anayetembea kama mtu aliyesahau jiko linawaka," akasema.

Shangazi akaangalia ule mstari. Na kweli, Brody Lindahl alitembea hivyo hivyo. Babu alikuwa anamjua tangu mwaka wake wa kwanza, macho yakiwa bado mazima. Nikapumua.

Tulipanda ngazi. Mimi mbele, polepole, nikijifanya mvivu, Babu ameshika mkanda wa koti langu. Mzee Duane akampa Shangazi kiti cha mkewe, safu ya nyuma yetu. Mke wake alikuwa ameapa kutokanyaga pale mpaka kocha aondoke au majira ya kiangazi yaje, lolote litakalotangulia.

Nusu ya kwanza ilikwenda salama. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba hatukuwa nyuma. Babu alisimama kwa kuchelewa mara mbili. Mara zote mbili nami nikasimama naye, nikajifanya nimechelewa. Bi Lavonne akasimama pia, akilalamikia magoti. Mzee Duane akasimama akijidai anakung'uta maganda. Sikuliwazia. Nilidhani ni bahati.

Robo ya tatu redio ikafa.

Nilijua kabla yake. Sauti ya Merle ilikuwa inanifikia kwa mbali kama nzi ndani ya chupa, na ghafla nzi akanyamaza. Betri na baridi ya kwetu hawajawahi kuelewana. Babu akagonga mfuko wa kifua kwa kidole. Akagonga tena. Kidude akakiacha sikioni. Mikono ikarudi juu ya fimbo, na vidole vikaishika kama watu wanaovuka mto.

Uwanja ukalipuka, mtu wetu alikuwa amekata yadi nyingi upande wa kulia. Watu wote juu. Watu wakakaa. Sekunde zikapita, zikapita tena. Babu hakuinuka. Nyuma yangu nilihisi macho ya Shangazi kisogoni mwa baba yake kama jua la saa sita.

Basi mdomo wangu, ambao umenifukuzisha darasani na kwaya na uchumba mmoja mzuri, ukajifungua wenyewe.

"Haya, kajipanga sasa," nikasema, nimeinamia upande wa kushoto. "Brody anapiga kelele. Kapewa. Anarudi nyuma, anatafuta, anatafuta kama mtu aliyepoteza funguo, anapapasa mfuko huu, anapapasa mfuko ule. Aah, kaamua kukimbia mwenyewe. Anakimbia kama fundi aliyeona mwenye nyumba. Kalala. Yadi tatu, kwa huruma ya mwamuzi."

Kona ya mdomo wa Babu ikapanda.

"Colby," Shangazi akasema kutoka nyuma. "Wote tunaona."

Nikakwama. Sikuwa na utani. Huo ndio ulikuwa wakati wangu wa kuwa na utani, na sikuwa nao.

"Unaona nini wewe, Marlys?" Mzee Duane akauliza. "Umeona alivyouachia ule uliopita? Kidole gumba kilikuwa chini. Mpira ulitoka unayumba kama bata amekunywa."

"Haukuyumba," Bi Lavonne akasema kutoka ng'ambo ya njia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye vyoo. "Ulipigwa na upepo. Upepo unatoka kushoto, bendera zote mbili zimelala kulia, na adui wamejaza watu sita mbele. Sita. Yule namba tisini na moja anakanyaga kanyaga kama ng'ombe mlangoni. Na sasa wanajipanga tena, Brody kasogea nyuma, yule mfupi kushoto kwake."

"Anampa mfupi," Mzee Duane akasema.

"Hampi. Anamdanganya naye. Kabaki nao. Karusha!"

"Juu sana."

"Kaudaka kwa mkono mmoja, macho yako yana alizeti! Yule mrefu, pale pale kwenye mstari wa chaki!"

Na Babu akasimama. Kwa wakati. Pamoja na uwanja mzima. "Naam! Naam, vijana!"

Niligeuka kumtazama Mzee Duane. Nilidhani nitamkuta anamtazama Bi Lavonne, kwani ndiye aliyekuwa akibishana naye. Hakuwa akimtazama. Alikuwa ameinama mbele, kidevu karibu na bega langu, na mdomo wake umeelekea moja kwa moja sikio la kulia la Babu, lile lisilo na redio. Na mara nikakumbuka kwamba daima alikuwa akibishana hivyo, ameinama. Mimi nilikuwa nikilalamika habari ya maganda shingoni. Nikakumbuka mabega yale na vifundo vya miguu. Msimu huu mzima na uliopita. Hakuna watu wanaobishana kwa mpangilio kiasi kile kuhusu kitu ambacho wote wamekiona, labda kama kuna mmoja hajakiona.

Mzee Duane akatema ganda. "Umetoa macho kama samaki," akaniambia. "Simulia, upande wa kushoto siuoni vizuri."

Basi nikasimulia. Tukagawana uwanja bila kupangiana: mimi kushoto, Mzee Duane katikati, Bi Lavonne kulia na benchi la makocha, ambalo alilitangaza kwa matusi ya kistaarabu. Babu alikaa katikati yetu kama mtu anayeota moto.

Robo ya mwisho tukiwa nyuma kwa pointi tano, Brody akarusha mpira mikononi mwa adui. Tulipoupata tena, kocha akainua kidole. Kijana wa Texas akavua koti.

Uwanja mzima ukainuka, nusu ukizomea, nusu ukishangilia, na baadhi ya watu wakifanya yote mawili. Babu akainamisha kichwa upande wa ng'ambo ya njia. Alikuwa anamngoja Bi Lavonne.

Bi Lavonne alikuwa anamtazama Brody. Brody alikuwa amekwenda kukaa mwisho wa benchi, kofia ya chuma magotini.

"Mtoto wangu kakaa chini," akasema hatimaye. "Hakutupa kofia. Kaishika vizuri. Na sasa huyu wa Texas kaingia, mikono kaificha kwapani, anaganda maskini. Kawapigia makofi wenzake. Wanamsikiliza, Orrin. Yule mnene wa kushoto kainama anamsikiliza." Akatoa kitambaa akajifuta pua. "Haya, Duane. Ni zamu yako, kenua."

"Sikenui," Mzee Duane akasema, na kweli hakukenua.

Cato alirusha kama mtu anayefunga mjadala. Yadi kumi, kumi na tano, kumi tena. Tulikuwa tunamrukia Babu masikioni watatu kwa mkupuo, tukikanyagana maneno, mpaka akainua fimbo: "Mmoja mmoja, nyie. Hata Merle anapumua." Tukafika karibu kabisa na mstari wa mwisho wa adui. Shambulio moja limebaki.

"Karudi nyuma," nikasema. "Namba tisini na moja kapita, Babu, kapita. Cato kamkwepa, kazunguka, anakimbilia kushoto, kwetu huku, anatafuta, mkono juu. Kaachia. Uko hewani. Yule mrefu yuko peke yake konani. Uko hewani bado."

Babu alikuwa amesimama, sote tumesimama. Mpira ule ulikuja taratibu. Ungeweza kuoka keki.

Ukamgonga yule mrefu kifuani, ukamgonga mikononi, ukaanguka kwenye majani.

Nilikuwa nimebaki na nusu sekunde ya kumdanganya. Ningeweza kumpa ushindi mpaka kwenye gari. Lakini mtu aliyemsimulia Bibi misimu yote ile hakumdanganya hata mara moja, hata miaka ile tulipopigwa mpaka wenye timu yao wakatuonea haya.

"Umeanguka," nikasema. "Ulikuwa mpira mzuri, Babu. Umeanguka."

"Naam," akasema Babu. Akakaa.

Mechi ya tano. Hakuna aliyeondoka, maana kwetu huondoki mpaka bendi ipige wimbo wa chuo, hata kama umepigwa na watawa. Tulisimama na kofia mkononi, masikio yakiwaka kwa baridi, tukaimba wimbo wa shule ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyesoma. Babu aliimba mashairi yote, na lile la tatu ambalo wanafunzi wenyewe hawalijui.

Kisha Shangazi Marlys akashuka safu moja, akasimama mbele yetu, mikono mfukoni.

"Mnadhani mimi ni mjinga," akasema.

Mzee Duane akaanza, "Marlys, mzee wako bado anaona mpira kuliko..."

"Kwa daktari wa macho anapelekwa na nani? Na wewe, Duane? Nampeleka mimi. Tangu mwaka juzi. Katikati hana kitu, ni ukungu mtupu, kilichobaki ni pembeni."

"Hayo tulikubaliana yasisemwe," Babu akanung'unika.

"Baba, nyamaza kidogo." Akatugeukia sisi. "Kila nikimuuliza unafanya nini kule, ananiambia naangalia mpira. Nikawa nalala nikimwona amekaa katikati ya makelele peke yake, na redio ya Mama. Nilikuja kumtoa hapa." Akatutazama mmoja mmoja, mimi wa mwisho. "Kwa nini hamkuniambia kwamba mnafanya hivi?"

"Tunafanya nini?" Bi Lavonne akauliza. "Sisi tunabishana tu."

Wafagiaji walikuwa wameanza kusukuma vikombe chini ya benchi za chini, na nilisikia ile sauti ya zamani ya plastiki ikibingirika.

"Duane," Shangazi akasema, "mkeo anarudi lini kwenye kiti hiki?"

"Kwa kocha huyu? Harudi."

"Basi mwakani kina mtu." Akavuta mkanda wa koti lake. "Na huyo Cato mnayemsifu, hafai. Alikuwa na nafasi ya kukimbia mwenyewe mpaka ndani. Mstari ulikuwa wazi kama barabara ya Jumapili, akarusha."

Bi Lavonne akamtazama kama mtu aliyeokota dada. Mzee Duane akashika kichwa.

"Wazi? Marlys, namba tisini na moja alikuwa nyuma ya sikio lake."

"Alikuwa amelala chini."

"Alikuwa ameinuka!"

Babu aligonga fimbo. Wakanyamaza wote, na Shangazi pia, kwa mazoea ya utotoni.

"Mpira ulipoanguka," Babu akauliza, "yule mtoto alifanya nini? Cato."

Tukatazamana. Mimi nilikuwa namtazama Babu, sikuona. Mzee Duane alikuwa amefumba macho. Bi Lavonne ndiye aliyejibu, polepole.

"Alikwenda kumwinua yule mrefu. Kisha akaenda kwenye benchi, akakaa karibu na Brody."

"Basi ndiye," akasema Babu. "Mwakani. Mkono tutavumilia."

Tulianza kushuka, Babu mkono mmoja begani kwangu na mwingine kwa Shangazi. Shangazi alikuwa anamhesabia ngazi kwa ukali, hii ina barafu, hii haina, na nyuma yetu Mzee Duane na Bi Lavonne walikuwa wamesharudi kwenye namba tisini na moja, amelala au ameinuka. Katikati ya ngazi Babu akasimama kupumzika.

"Colby. Siku ile ya Dunmore."

"Ndiyo, Babu."

"Niliona kitu cha kijani kichwani mwako. Pembeni bado naona rangi."

"Sasa mbona hukusema?"

Alifikiri kidogo, akitazama, au akielekeza uso, kule chini ambako watu wa taa walikuwa wanaanza kuuzima uwanja upande mmoja mmoja.

"Nilijiambia, ama macho yangu yamekwisha kabisa, ama mjukuu wa Iva amevaa kofia ya Dunmore kwenye kiti chake," akasema. "Nikaona afadhali macho."

Kisha akanibonyeza bega, tukaendelea kushuka.